Mtahini Wangu Alikuwa Mtani Wangu

Sitajitetea sana. Ninayoyasimulia hapa yalishuhudiwa na ukumbi mzima na kurekodiwa na kamera ya chuo, kwa hiyo hata nikitaka kuyapunguza makali sina pa kuanzia. Heri niyaseme mwenyewe kwa mpangilio, kabla hamjayasikia kwa mtu mwingine akiwa ameyaongezea chumvi (ingawa, kwa kweli, chumvi yangu mwenyewe ilitosha).

Nianze na kazi yenyewe, maana bila hiyo aibu haitaeleweka. Ninasomea shahada ya uzamivu katika elimu ya anga, na ninachokitafiti ni vibete vya kahawia vinavyozaliwa. Kibete cha kahawia ni gimba la angani lililokosa uzito wa kuwa nyota, na wakati huohuo likazidi uzito wa kuwa sayari. Yaani limeshindwa mtihani wa pande zote mbili (shangazi yangu nilipomweleza hivyo alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimelichagua mwenyewe au nimepewa). Linapozaliwa, gimba hilo huwa limejifunika wingu la gesi na vumbi, na ndani ya wingu hilo mnaweza kuwamo molekuli za kikaboni, ambazo ndizo malighafi ya kila chenye uhai tunachokijua. Kwenye nyota changa za kawaida molekuli hizo si ngeni. Kwenye vibete vichanga ni shida, kwa sababu vibete ni vidogo, vina baridi, na mawimbi ya redio yanayotoka huko yanatufikia yakiwa dhaifu mno.

Mimi niliamini nimeipata mojawapo. Inaitwa methanoli (kwa shangazi sikutaja kwamba iko katika ukoo wa vileo, yeye ni mtu wa swala tano, na nilitaka aniombee dua). Molekuli ikizunguka angani hutoa mawimbi kwenye masafa yake maalumu, na kwenye grafu mawimbi hayo huonekana kama vilele (sisi huviita pia mistari) vilivyochomoza juu ya kelele, yaani mtikisiko wa data usio na maana. Nilipakua data za darubini za redio zilizoko jangwani ng'ambo ya bahari, nikazisafisha kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, na mahali ambapo methanoli inapaswa kuwapo pakatokea kilele. Kilikuwa kimoja tu, na hakikuwa kirefu, lakini kilisimama.

Katika chuo chetu, mwanafunzi wa uzamivu akifika katikati ya safari husimama mbele ya jopo la watahini. Likiridhika, anaendelea, lisiporidhika, usajili wake unafutwa na anarudi alikotoka. Mimi nilikotoka ni darasa la fizikia la shule moja ya sekondari, na dawati langu huko lilikuwa limeshapata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo kilele kile kimoja ndicho kilichokuwa kimenishika mkono.

Mwaka huo ikaamuliwa kwamba mawasilisho yafanyike kwenye tawi la chuo hapa Tabora, hadharani, wananchi wakaribishwe, ili sayansi iwafikie watu. Nilifurahi, maana mimi ni mzaliwa wa Gongoni na nyumbani kwa shangazi ni mwendo wa baiskeli tu kutoka ukumbini. Sikufikiri (mimi, ambaye hufikiri hata kabla ya kuchagua kiti) kwamba nyumbani ndipo mahali pekee duniani ambapo kila anayekufahamu anaweza kuhudhuria.

Siku chache kabla ya mawasilisho tukafanya kikao cha maandalizi kwa njia ya mtandao. Mtahini mkuu alikuwa Profesa Ndahani, mzee wa Dodoma, mtu wa sauti ya chini na kofia ya pama ambayo haivui hata akiwa nyumbani kwake. Aliitazama grafu yangu kwa muda, kisha akasema mbele ya wanafunzi wenzangu wote:

"Hamisi, hiki unachokiita kilele ni kichuguu. Lakini nakuelewa. Mnyamwezi nchi yake ni tambarare, akiona kichuguu anatangaza mlima."

Wenzangu wakacheka. Mimi nikacheka pia, kwa kuchelewa kidogo. Profesa akaendelea kwa sauti ileile, na uso uleule:

"Methanoli haitembei peke yake. Ikiwapo hapa, ina ndugu zake kwenye masafa ya jirani. Katafute ndugu zake kabla hatujaonana."

Nikazima kompyuta, nikakaa. Shangazi yangu, Bi Zuhura, alikuwa sebuleni na cherehani yake akishona sare za shule, na kwa kuwa nyumba yetu haina siri alikuwa ameyasikia yote.

"Huyo nani anayekutukana humu ndani mwangu?"

"Si matusi, shangazi. Ni mtahini wangu. Profesa Ndahani."

Akaondoa mguu kwenye cherehani. "Ndahani? Wa Dodoma?"

"Ndiyo."

"Mgogo!" Akapiga kofi moja la furaha. "Sasa wewe umenuna nini? Huyo ni mtani wetu! Babu zetu walipita kwao na mizigo mabegani kwenda pwani, wakanyimwa maji, wakapigana, wakachoka kupigana, wakaona heri watukanane tu mpaka leo. Mtani haogopwi, mwanangu. Mtani anajibiwa."

"Lakini aliniagiza nikatafute mistari mingine."

"Na alisema Mnyamwezi anatangaza kichuguu kuwa mlima?"

"Alisema."

"Basi hapo umetaniwa kuanzia juu mpaka chini. Ukienda kujibu kwa adabu adabu utamkosea. Atasema, huyu mtoto hakulelewa."

Sasa naomba mnielewe jinsi akili yangu inavyofanya kazi. Mtu mwingine angesema, shangazi ni fundi cherehani, methanoli haimhusu, akafungua kompyuta akaendelea na kazi. Mimi nililala chali nikachambua. Kama sehemu ya kwanza ya maneno ya Profesa ilikuwa utani, na sehemu ya pili ilisemwa kwa sauti ileile na uso uleule, kwa kigezo gani nitaihesabu ya pili kuwa si utani? Na je, kumwambia mtu "katafute ndugu zake" si lugha ya mzaha kabisa, ukizingatia kwamba Wagogo na Wanyamwezi ni watu wa kutafutana ndugu kwenye kila msiba? Zaidi ya hayo (na hapa ndipo nilipojimaliza), ikiwa mtani wangu amenitania hadharani, basi ananipenda. Na mtahini anayekupenda hawezi kukufuta. Hoja ilikuwa imefungwa vizuri kila upande. Nikafanya uamuzi mmoja mdogo: ndugu wa methanoli nisiwatafute, muda huo niutumie kuandaa majibu ya utani. Niliyaandaa kwa umakini wa kitaaluma. Niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wanafunzi wa sekondari walikaa nyuma na sare zao, walimu wao pembeni, na safu ya pili ilikuwa ya shangazi na majirani zake wa Gongoni, wamevaa kama wanakwenda kwenye arusi. Jopo lilikuwa mbele: Profesa Ndahani na pama yake, na Dakta Neema, mwenyekiti, mama wa Kilimanjaro mwenye kupenda ratiba, pamoja na mtahini mwingine ambaye sikumbuki kama alitamka neno.

Dakta Neema akanikaribisha. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza:

"Ndugu mwenyekiti, kabla ya yote, naomba mtani wangu Profesa apewe maji. Kwao ni ukame, na babu zetu wakipita walinyimwa. Leo amefika kwenye nchi ya watu wakarimu, anywe ashibe, asije akasema tumemlipizia."

Safu ya pili ilipasuka kwa vigelegele. Wanafunzi nao wakashangilia bila kujua wanashangilia nini. Dakta Neema aliangalia ratiba yake, akaniangalia mimi, akaiangalia tena ratiba, kama mtu anayetafuta kipengele kilichoruka.

Profesa alivuta kipaza sauti taratibu.

"Maji nitakunywa, nashukuru. Lakini mzigo alioubeba huyu mpagazi nitaufungua mwenyewe. Wanyamwezi tunawajua tangu zamani: wanabeba mpaka pwani kitu wasichokijua ni nini."

Ukumbi ukaanguka. Hata walimu walicheka. Nami nikajiambia, umeona? Hoja yangu imethibitika. (Leo ninapoyasikiliza maneno yale kwenye rekodi ninaona kwamba ilikuwa hukumu kamili, iliyosomwa mapema, na kwa upole. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza vicheko.)

Hapo shangazi akashindwa kujizuia. Aliondoka kwenye kiti chake, akapita mbele ya jopo kwa mwendo wa mtu mwenye haki, akamvua Profesa pama, akaiinua juu ukumbi mzima uione.

"Hii ni rehani! Utaikomboa ukishampitisha mtoto! Na nyie tazameni, jua la Dodoma halikumbakishia hata unywele!"

"Mama," Dakta Neema alisema, "mama, tafadhali, hiki ni kikao cha mtihani."

"Najua, mwanangu. Wewe endelea tu."

Ni haki ya mtani kufanya hivyo, siwezi kukataa. Kwenye misiba yetu nimeona watani wakichukua vitu vikubwa kuliko kofia. Lakini nadhani ni mara ya kwanza kwa mtahini mkuu kunyang'anywa kofia na ndugu wa mtahiniwa, mbele ya kamera, kwa sharti la matokeo. Profesa alijipapasa kichwa, akatabasamu, akasema, "Haya, mpagazi, fungua mzigo."

Niliwasilisha vizuri. Nalisema hili bila majivuno, kwa sababu ndilo jambo la mwisho zuri nililolifanya siku hiyo. Nilieleza jinsi methanoli inavyotengenezwa juu ya chembe za vumbi zilizofunikwa barafu, jinsi joto la gimba changa linavyoipeperusha, na kwa nini kuipata kwenye kibete ni jambo kubwa: kwamba hata gimba lililoshindwa kuwa nyota linaweza kuzaliwa na malighafi zilezile. Nikaonyesha kilele changu. Nilikuwa nimekipaka rangi nyekundu ili kisipite bila kuonekana.

Profesa akauliza, "Tuonyeshe mistari mingine ya methanoli."

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo tayari tangu kwenye kioo. "Mtani, hiyo mingine imebaki Dodoma, inapanga foleni ya maji."

Walicheka, lakini si wote. Wanafunzi walicheka. Safu ya pili ilicheka nusu.

"Sitanii sasa," Profesa alisema.

Mnajua mtani anavyofanya. Mtani akisema hatanii ndipo anapoanza. Nikajibu haraka, kwa furaha ya mtu aliyeuona mtego akauruka: "Jamani, Mgogo akisema hatanii, kila mtu ashike mfuko wake!"

Safari hii alicheka mtu mmoja, nyuma kabisa, akanyamaza ghafla kama aliyekanyagwa.

"Hamisi," Profesa alisema.

Jina langu tu. Hakuongeza mtani wala mpagazi. Na mimi, badala ya kulisikia jina hilo kama kila mtu alivyolisikia ukumbini, nilianza kulichambua: huenda ni kilele cha utani wenyewe, huenda ananyamaza ili nimalizie mimi, huenda nikiacha sasa nitaonekana nimeshindwa, na mtani hapaswi kushindwa nyumbani kwake mwenyewe, na wakati huo wote nilikuwa nimesimama nikitabasamu, nikiwa nimeinua kidole kidogo kama mtu anayetaka kuongeza neno. Rekodi inaonyesha kidole hicho kwa uwazi mkubwa.

Aliyeniokoa, kama neno hilo linafaa, alikuwa shangazi. Alisimama na pama mkononi:

"Hamisi! Jibu swali la Profesa! Utani umekwisha, husikii anakuita jina lako?"

Watu zaidi ya mia wakanigeukia. Nina shahada mbili na nusu ya tatu. Nilikuwa nimekumbushwa hadharani na shangazi yangu kujibu swali, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau.

"Asante, mama," Dakta Neema alisema, na hiyo ndiyo mara pekee siku ile nilipomwona akipumua.

Nikashusha kidole. Nikasema mistari mingine sikuitafuta.

"Data unazo hapo?"

"Ninazo."

"Fungua."

Nikafungua faili zima mbele ya watu, kwenye kitambaa kikubwa cheupe cha projekta, nikasogeza grafu hadi kwenye masafa ya jirani, mahali ambapo mstari mwingine wa methanoli, wenye nguvu kuliko ule wangu, ulipaswa kuwapo. Nilisogeza polepole. Palikuwa tambarare. Kelele tupu, juu chini, juu chini, kama mbuga ya mpunga baada ya mavuno. Nikasogeza kwenye masafa mengine. Tambarare vilevile. Msichana mmoja kutoka safu za nyuma akamnong'oneza mwenzake, na kwa kuwa ukumbi wote ulikuwa kimya kila mtu akasikia: "Hamna kitu."

"Unaona nini?" Profesa aliniuliza.

"Sioni methanoli."

"Na ule mmoja mwekundu?"

"Unaweza kuwa kelele. Unaweza kuwa kitu kingine. Kama mwenye nguvu zaidi hayupo, huyu mdogo hawezi kuwa yeye." Niliisikia sauti yangu ikieleza jambo hilo kwa utulivu, kwa mantiki sahihi kabisa, kama mtu anayesoma cheti cha kifo cha mtu asiyemjua.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sina ugunduzi."

Jopo likatoka nje kushauriana. Sisi tukabaki na grafu. Nilitaka kuizima nikaona kuizima kutaonekana ni kuficha, nikaiacha, na nadhani sijawahi kuisoma grafu kwa makini kama nilivyoisoma ile kwa muda ule.

Waliporudi, Dakta Neema alisoma uamuzi bila kuinua macho. Sikupita. Usajili wangu haukufutwa, kwa sababu mbinu za kusafisha data zilikuwa nzuri na mtahiniwa, "baada ya kuulizwa mara ya tatu," alijibu kwa ukweli. Lakini dai la methanoli liondolewe lote, sura nzima iandikwe upya, na nisimame tena mbele ya jopo lilelile. Nikishindwa tena, basi.

Watu walipoanza kutoka, Profesa alimfuata shangazi kudai kofia yake. Shangazi akaikumbatia.

"Haijakombolewa. Mtoto hujampitisha."

"Mama, nikimpitisha na uongo huu, huko mbele watamfuta watu ambao hata hawajui kutania."

Shangazi akafikiri. "Basi utakuja kula nyumbani ndipo uichukue. Na utakula ugali, wali sikupi, mchele wetu hamna meno ya kuutafuna."

Alikuja kweli jioni, akala ugali na kuku na mlenda, akatukana mlenda, akaombwa aongeze, akaongeza. Aliponawa mikono, akanigeukia.

"Kwenye kikao cha mtandao nilikutania kwa sababu nilikuona unatetemeka. Nilitaka ukae sawa upate kusikia lile la pili."

"Nilisikia yote mawili, Profesa. Nikayaweka kapu moja."

"Ndiyo. Utani unakuleta karibu, Hamisi. Haukusamehe kazi." Kisha akavaa pama yake, akamwambia shangazi kwamba chumvi ya kuku ilikuwa ya kipagazi, akaondoka kwa bajaji huku akipigiwa kelele hadi kona.

Mngedhani mambo yameishia hapo. Asubuhi nilikwenda dukani kununua vocha, nikamkuta Mama Tatu, jirani yetu, ambaye siku iliyotangulia alikuwa kwenye safu ya pili na vigelegele vyake.

"Shikamoo, Mama Tatu."

"Marahaba, profesa wetu! Hongera! Yule Mgogo umemtoa jasho, mpaka kofia kaiacha!"

"Mama, sikupita."

"Eti nini?"

"Sikupita mtihani. Nilichodai nimekigundua hakikuwapo. Nimeambiwa nirudie upya."

Alinitazama usoni kwa makini. Kisha akaanza kucheka, akashika ukuta wa duka, akacheka tena, akamwita mwenye duka naye aje asikie. "Huyu mtoto jamani! Ameshaonja utani, sasa hauachi! Anasema eti hakupita!" Mwenye duka akacheka pia, akanipa vocha, akanipongeza. Nikarudia kwa sauti ya kawaida kwamba ni kweli, sitanii, na niliposikia neno hilo likinitoka kinywani nikajua hakuna atakayeniamini mtaani humo labda hadi mwakani.

Ninapoandika haya bado ninafanya marekebisho. Sura mpya inaeleza kwamba methanoli haikuonekana kwenye kibete kile, na kwamba kama ipo, ni kidogo kuliko kiasi fulani ninachoweza kukitaja kwa uhakika. Si habari ya kumpigia mtu vigelegele, lakini inasimama kwa miguu yake. Nimejiwekea sharti moja, na sioni sababu ya kuliondoa. Mtu akinikosoa, awe Mgogo, awe Mzaramo, awe nani, nafanya kwanza alichoniambia, halafu ndipo ninacheka. Kama kumbe alikuwa anatania, hasara yangu ni mchana mmoja wa kazi ya ziada. Upande wa pili wa hesabu hiyo nimeshauona, na uko kwenye rekodi, mimi na kidole changu.